Mchuzi wa sandwichi ya kuchovya hautiwi unga

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Jumapili naanza na ukurasa wa mapishi kabla hata sijatazama matangazo ya vifo, na kwa mtu wa umri wangu hiyo ni heshima kubwa. Sasa Jumapili iliyopita nikakuta humo namna ya kupika kitu mlichokiita "sandwichi ya nyama ya Paris". Mwandishi wenu anasema nyama ya ng'ombe ichemshwe mpaka ilainike, mchuzi utengenezwe kwa kidonge cha supu cha dukani na vijiko viwili vya unga wa ngano ili uwe mzito, kisha vyote vitiwe katikati ya slesi mbili zilizopakwa siagi. Mume wangu alikuja kutoka uani akaniuliza kwa nini nagombana na gazeti.

Chakula hicho nakijua, tena nakijua kwa njia ya ajabu kidogo nitakayoieleza. Lakini kwanza tuiondoe Paris. Wenyewe wanaiita French dip, yaani sandwichi ya nyama inayochovywa kwenye mchuzi, na hilo neno la Ufaransa ndilo lililompoteza mwandishi wenu. Mji wake ni Los Angeles, Marekani, na wanaogombea kuizaa ni migahawa miwili ya katikati ya mji ule, yote ikiwa imefunguliwa mwaka mmoja, 1908.

Wa kwanza ni Philippe the Original, ulioanzishwa na Philippe Mathieu, Mfaransa aliyehamia huko. Hadithi ya nyumba ile ni kwamba mwaka 1918 Mathieu alikuwa akitengeneza sandwichi, mkate ukamponyoka ukaangukia kwenye trei iliyotoka kuokewa nyama, mchuzi bado wa moto. Mteja alikuwa polisi. Akasema nipe hivyo hivyo, na kesho yake akarudi na wenzake wakitaka mkate uliochovywa. Wengine wanasema mteja alikuwa mzimamoto aliyelalamika kwamba mkate umelala. Hata jina lina mabishano: wako wanaosema limetokana na aina ya mkate, wengine asili ya Mathieu mwenyewe, wengine kwamba yule polisi ndiye aliyekuwa akiitwa French. Mgahawa wa pili ni Cole's, wa Henry Cole, uliokuwa chini ya jengo la Pacific Electric, pale zilipoishia zile treni nyekundu za umeme. Wao wanasema alikuja mteja mwenye fizi zinazouma, hawezi kutafuna mkate mkavu, mpishi akamwonea huruma akauchovya kwenye mchuzi wa nyama.

Mimi siamui kesi hiyo. Ila angalia, Mhariri: iwe mzimamoto, iwe polisi, iwe fizi, kila hadithi imesimama juu ya mkate mgumu na mchuzi mwepesi uliobaki chini ya trei. Mchuzi unaingia ndani ya mkate na kuulainisha. Uji wa unga wa ngano hauingii popote. Unakaa juu kama rangi ya ukutani.

Sasa nieleze nimejuaje. Nilifika Los Angeles mwaka 2003 kumfuata dada yangu, nikapata kazi katika jiko la hoteli moja katikati ya mji. Mwanzo niliosha sufuria. Baada ya miaka miwili nikahamishiwa meza ya nyama, kwa sababu aliyekuwapo aliacha kazi Jumamosi yenye harusi mbili, na mimi nilikuwa mtu wa karibu zaidi mwenye mikono mikavu. Nikakaa kwenye meza hiyo mpaka 2015 niliporudi Tanga.

Asubuhi nilikuwa nashuka treni ya Gold Line kituo cha Union Station, na Philippe ni hatua chache kutoka hapo, pembe ya mitaa ya Alameda na Ord. Walihamia hapo mwaka 1951, pale walipokuwa kulipitiwa na barabara kuu ya 101. Sakafu imemwagwa vumbi la mbao kama karakana ya seremala. Meza ni ndefu, unakaa na usiowajua kama tuko shughulini. Nyuma ya kaunta wamejipanga akina mama wakata nyama, kila mmoja na foleni yake, na wewe unachagua foleni kama unavyochagua fundi cherehani. Kahawa ilikuwa senti 9. Nasema tena, senti 9, mpaka mwaka 2012 walipoipandisha ikawa 45, na wazee waliozoea kuja kusoma magazeti pale walinuna kama wamenyang'anywa shamba.

Nyama ile sikuila hata siku moja. Haikuwa ya halali, na paja la nguruwe lilikuwa likikatwa kaunta hiyo hiyo. Nilikuwa naagiza kahawa na lile yai lao la zambarau, linalolazwa kwenye siki na kiazi chekundu, nakaa mahali ninapoona mikono ya wakataji. Miaka zaidi ya kumi, Mhariri, nimekaa nikinusa na kutazama. Nimeona jinsi mkataji anavyopasua mkate, anavyouliza uchovywe mara moja au mara mbili, anavyouzamisha upande uliokatwa na kuutoa kabla ya kuhesabu mbili. Walikuwapo pia waliotaka uloweshwe wote, na hao walikula kwa uma.

Basi kilichobaki ilikuwa kuipika nyumbani kwa nyama ya bucha la Waislamu. Mwonjaji wangu alikuwa mzee mmoja wa Kimeksiko tuliyefanya naye kazi, aliyekuwa akila Philippe kila Ijumaa mshahara ukitoka. Mara ya kwanza nilimpelekea kwenye chombo cha plastiki. Akachovya, akatafuna, akasema, "Binti, hii ni supu ya mgonjwa." Mara ya pili akasema chumvi. Mara ya tatu akasema mkate. Mara ya nne hakusema kitu, akauliza kama kuna kingine.

Kosa langu la kwanza ndilo watakalolifanya wasomaji wako wote, ndiyo maana nalieleza kwa urefu. Nilidhani ukioka kipande cha nyama utapata mchuzi wa kuchovyea. Hupati. Kipande cha kilo 2 kisicho na mafuta mengi kinakuachia kikombe kimoja ukibahatika, na mara nyingi nusu. Mgahawa unaooka nyama nyingi kila siku unao mchuzi wa kutosha. Wewe una vijiko vitatu na wageni sita. Hapo ndipo mtu anaponyoosha mkono kwenye kidonge, na kidonge ni chumvi kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Mchuzi unatoka kwenye mifupa. Mwambie mwenye bucha akupe kilo 2 za mifupa ya magoti na ya uboho, aipasue kwa shoka. Usiitie kwenye maji bado. Ipange kwenye trei, iingie oveni ya moto mkali, nyuzi joto 220, kwa muda wa saa nzima hivi, ukiigeuza katikati, mpaka ipate rangi ya halua. Rangi hiyo ndiyo ladha. Ukiikimbiza utapata supu nyeupe ya wodini. Ikikaribia, tupia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vipande vikubwa pamoja na karoti moja, navyo viungue pembeni kidogo. Kisha hamishia kwenye sufuria kubwa, mimina maji baridi lita 4, kitunguu saumu kichwa kizima kilichokatwa katikati, pilipili manga punje kumi na tano. Chumvi bado.

Likianza kuchemka punguza moto mpaka uone kipovu kimoja kimoja tu kinapanda. Engua povu. Usifunike kabisa, na usiwe na haraka: saa tano, saa sita. Ukiacha lichemke kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani ya maji na mchuzi unakuwa na ukungu, hautatakata tena. Mimi nachuja kwa kitambaa kile kile aina ya tunachochujia tui. Halafu unaacha upoe, unaulaza kwenye friji.

Asubuhi juu kuna sahani ngumu ya mafuta. Inyanyue, uiweke, tutaihitaji. Chini yake utakuta kitu kinachotetemeka ukitikisa sufuria. Hapo mwandishi wenu ningemwita aje aone. Huo uzito aliokuwa akiutafuta kwenye vijiko viwili vya unga upo ndani ya goti la ng'ombe. Ni jelatini, inayeyuka kutoka kwenye mishipa na viungo vya mifupa kwa moto wa polepole, na ndiyo inayofanya mchuzi mwepesi kama maji uwe na mwili mdomoni. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Ukinywa supu ya makongoro alfajiri, midomo haigandamani? Ni kitu hicho hicho. Bibi yangu hakuwa na neno jelatini, lakini supu ambayo hainati alikuwa anairudisha jikoni.

Nyama sasa. Chukua steki ya paja, kipande kimoja cha kilo 2, kiwe kimekaa pamoja, si vipande vya kuungia pilau. Kipake chumvi gramu 25 na pilipili manga iliyotwangwa, ukiache kwenye friji bila kukifunika usiku ule ule mchuzi unapolala. Chumvi inaingia ndani na ngozi ya juu inakauka, na kilichokauka ndicho kinachopata rangi. Kesho yake, yale mafuta uliyoyaweka, kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto, kigeuze kila upande mpaka kiwe kahawia. Kisha kilaze kwenye trei juu ya vitunguu vilivyokatwa, oveni nyuzi joto 130.

Saa ngapi? Hilo ndilo swali wanaloniuliza wote, na jibu langu halipendwi: nunua kipimajoto. Kipande cha kilo 2 kinaweza kuchukua saa mbili, kinaweza kuzidi, kutegemea unene wake na ubishi wa oveni yako. Kule hotelini tulikuwa tunakitoa katikati kikisoma nyuzi 52, kinaendelea kujipandisha chenyewe mezani, na kinakuwa chekundu ndani. Ule wekundu si damu, damu ilimwagika machinjioni. Ni protini ya kwenye msuli inayoitwa mayoglobini. Nimelieleza hilo mara nyingi kwenye kibanda changu cha sandwichi hapa Ngamiani, wateja wakaniitikia kwa adabu, na sahani zikarudi vile vile. Sasa nakitoa kwenye 63, kinapumzika dakika 20 nimekifunika, hakuna anayerudisha sahani na mimi nalala vizuri.

Lakini kwenye 63 ng'ombe wetu anakuwa mkaidi. Wa kwao amefungwa mahali pamoja akilishwa nafaka mpaka mafuta yamejichora ndani ya nyama. Wa kwetu ametembea kutafuta majani, ana msuli wa mwanariadha. Dawa yake ni kisu. Nyama ikishapumzika mimi naiingiza kwenye friji saa mbili iwe ngumu, ndipo nakata, kwa sababu sina ile mashine ya kukatia ya hotelini. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi (hizi sasa si nyuzi joto, Kiswahili chetu kina mchezo wake) na ukate kwa kuzikingama, nyembamba uone kivuli cha kisu upande wa pili. Ukikata kwa kuzifuata, mteja atatafuna kamba mpaka adhuhuri.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mwaka wa kwanza niliporudi sikuwa nayo. Nilitumia sufuria nene ya chuma, makaa machache chini, mengi nikiyapalia juu ya mfuniko, kama tunavyofanya kwa mkate wa kumimina. Inataka macho, na trei inabidi iwe sahani ya bati, lakini inatoka.

Narudi kwenye mchuzi, maana haujaisha. Nyama ikitoka, ile trei usiioshe! Msichana niliyemwajiri aliiosha siku yake ya kwanza, akaisugua mpaka ikang'aa, akaja kunionyesha. Sikumgombeza. Nilikaa kwenye kiti kwanza. Kilichogandia chini ya trei ndicho ukoko wetu, na kila mtoto wa pwani anajua ugomvi unaozuka kwa ajili ya ukoko wa wali. Weka trei juu ya moto, mimina vikombe viwili vya mchuzi wa mifupa, kwangua kwa mwiko wa mbao mpaka chini pawe safi na mchuzi umeingia weusi. Urudishe wote kwenye sufuria, pamoja na maji yaliyotoka kwenye nyama ilipokuwa ikipumzika. Sasa pandisha moto, uache upungue mpaka ibaki lita moja na kidogo. Ndipo utie chumvi, maana ukitia mapema unapungua maji na chumvi inabaki palepale. Wenzetu hutia mvinyo. Mimi natia kijiko kidogo cha siki ya zabibu, kinafanya kazi ile ile ya kuuamsha. Uchuje tena. Ukiutazama kwenye glasi uwe kama chai ya rangi iliyokolea, na uone upande wa pili.

Mkate nitaupitia haraka, kwa sababu wenzangu wa Tanga na Mombasa na Unguja tayari wanao: ni boflo. Lile lenye ganda linalolia ukilibonyeza, si slesi laini yenye sukari, ambayo ikiguswa na mchuzi inageuka uji mkononi. Anayetaka kujiokea achukue unga wa ngano gramu 500, maji mililita 325, hamira gramu 3, chumvi gramu 10, basi, hakuna sukari wala mafuta. Akande, alaze kwenye friji, asubuhi akate maboflo sita, yaumuke tena, yaingie oveni nyuzi joto 220 na chini yake trei ya maji yanayochemka kwa dakika kumi za mwanzo, mvuke ndio unaotengeneza ganda. Dakika 20 hivi yatakuwa tayari. Na usiyale siku hiyo. Mkate uliolala siku moja ndio unaostahili kuchovywa, polisi yule na mzimamoto yule walishatwambia.

Kuna na haradali. Philippe wana yao, wanaitengeneza wenyewe, na huwa nikiona mgeni aliyeipaka kama siagi nasubiri tu. Machozi yanamtoka mpaka mezani wanampisha. Yangu natumia mbegu za rai kutoka duka la viungo, natwanga kwenye kinu kidogo, nachanganya na maji baridi, na hapa naomba mchapaji asikosee: maji BARIDI. Ukali wa haradali haumo ndani ya mbegu tayari. Unazaliwa pale mbegu iliyopondwa inapokutana na maji, na maji ya moto yanauua kabla haujazaliwa. Acha robo saa, onja kwa ncha ya kijiko, ukiona pua imefunguka tia siki na chumvi ili ukali ukae ulipofika.

Kuunganisha ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo kila kitu kiwe karibu. Mchuzi uwe wa moto unaotoa mvuke lakini hauchemki. Vile vipande vyembamba vya nyama vizamishe kwa koleo, hesabu mpaka kumi, toa. Ukivichemsha humo vinajikunja na kuwa ngozi ya kiatu, na kazi yote ya juzi na jana imekwenda. Pasua boflo, chovya pande mbili za ndani tu, ganda la nje libaki kavu ili mtu awe na pa kushika. Panga nyama, paka haradali, funga.

Cole's wao hawakuchovyei, walikuwa wakikuletea mchuzi kwenye kikombe ujichovyee mwenyewe. Nilipofungua kibanda changu nilifuata njia ya Philippe, nikaona nimemaliza. Mteja wangu wa tatu, dereva wa bajaji, alikula nusu, akaangalia chini ya sahani, akauliza, "Mama, na supu yake iko wapi?" Nikamwambia imo ndani ya mkate. Akanitazama kama nimemwibia. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tangu siku hiyo kila sandwichi inatoka na kibakuli pembeni, na nimelazimika kuongeza kilo moja ya mifupa. Ikaja ndimu. Wanakamulia ndimu kwenye mchuzi niliousimamia siku mbili! Nilikataza mwezi mzima, hata vipande vya ndimu nikaviondoa mezani, wakawa wanakuja nazo mfukoni. Siku moja jioni watu wameondoka, nikakamulia ya kwangu nikiwa peke yangu. Sitasema zaidi, ila ndimu zimerudi mezani.

Yule mzee wa Kimeksiko bado ananipigia simu siku za Idi. Nilipomweleza habari ya ndimu alicheka mpaka akakohoa, akasema kwao Puebla wangefanya hivyo hivyo.

Sasa ombi langu, Mhariri. Najua nafasi yenu ni ndogo na barua yangu ni ndefu. Kama lazima mkate, kateni Los Angeles, kateni polisi na mzimamoto na kahawa ya senti 9, hata habari ya mume wangu. Habari ya mifupa iacheni yote. Na jina langu msilichapishe, oveni yangu ni moja na Jumamosi tayari watu wanasimama nje.

Mama muuza sandwichi,
Ngamiani, Tanga